Mhandisi Akitaka Kufundisha Sekondari, Kwa Nini Arudishwe Chuoni?

Mhandisi aliyesimamia mitambo kwa miaka mingi akiamua kwenda kufundisha fizikia sekondari, jibu la kwanza analopewa ni kwamba arudi chuoni. Shahada anayo, uzoefu anao, pengine hata kazini kwake ndiye aliyekuwa akiwaelekeza vijana wapya. Bado anatakiwa apate sifa ya ualimu ya ngazi ya uzamili, ambayo katika nchi nyingi huchukua mwaka mmoja na katika nyingine miwili. Mhasibu anayetaka kufundisha hisabati hukutana na jibu hilohilo, na mtangazaji anayetaka kufundisha lugha vilevile.

Wengi huona huo ni urasimu tu. Sikubaliani nao. Mafunzo hayo, yakiendeshwa inavyotakiwa, hufundisha kitu ambacho shahada ya kwanza haikukigusa na ambacho miaka ya kazi inaweza hata kukificha: namna mtu asiyejua anavyofikiri. Shida ni kwamba njia za kuyapata zimechanganyikana, majina yanafanana, masharti yanabadilika kutoka nchi moja hadi nyingine, na anayeacha kazi akiwa na watoto wa kulea hawezi kulipa ada mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alichagua kozi isiyomfaa.

Cheti, usajili na ajira

Mkanganyiko mkubwa unatokana na kuchanganya mambo matatu. Kuna cheti kutoka chuo kikuu, yaani uthibitisho kwamba umesoma nadharia ya elimu, umefanya mazoezi ya kufundisha na umefaulu. Kuna usajili au leseni, yaani ruhusa ya chombo cha serikali au cha taaluma kwamba sasa unatambulika kuwa mwalimu. Halafu kuna ajira yenyewe. Kupata kimoja hakukuhakikishii kingine, na matangazo ya vyuo hayana haraka ya kukukumbusha hilo.

England mpaka huu unaonekana vizuri. Chuo kikuu hutoa cheti cha uzamili kiitwacho PGCE, ambacho mara nyingi hubeba krediti 60 kati ya 180 zinazohitajika kwa shahada ya uzamili. Hadhi ya ualimu, QTS, hutolewa na serikali, na mtu anaweza kuipata bila kuwa na PGCE kabisa. Anayefikiria kufundisha nchi nyingine siku za usoni ashike vyote viwili, kwa sababu QTS ni ya mfumo wa England, ilhali cheti cha chuo kikuu hueleweka kirahisi zaidi kwingineko. Uskoti hutoa stashahada ya uzamili ya elimu iitwayo PGDE, na mhitimu hupewa kwanza usajili wa muda na Baraza Kuu la Ualimu la huko, chombo kilichoanzishwa mwaka 1965. Usajili kamili huja baada ya kipindi cha majaribio shuleni. Tanzania vyuo vikuu hutoa Stashahada ya Uzamili katika Elimu, na sheria ya mwaka 2018 iliunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu kwa ajili ya usajili na leseni.

Kenya ndiko kwenye somo ninalotaka kila anayebadili kazi alisikie kabla hajalipa ada. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, haiangalii stashahada ya uzamili peke yake. Inataka shahada ya mwombaji iwe na masomo mawili yanayofundishwa shuleni, na inarudi nyuma mpaka kwenye matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari: wastani wa C+ na C+ katika masomo hayo mawili. Mtu anaweza kuwa na shahada nzuri, akamaliza kozi ya ualimu kwa alama za juu, kisha akakwama kwa sababu ya mtihani alioufanya akiwa na miaka 18. Chuo kilimpokea kwa vigezo vyake, na msajili ana vya kwake.

Kwa hiyo safari inapangwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kabla ya kuulizia ada, soma masharti ya chombo kinachosajili walimu mahali unapotaka kufundisha, ukiwa na hati yako ya matokeo ya chuo mkononi, na uhesabu kozi ulizosoma somo kwa somo. Jina la shahada linaweza kudanganya. Uhandisi wa umeme una fizikia nyingi, lakini msajili anaweza asiuone kuwa ni fizikia. Biashara ina hesabu, lakini mara nyingi si hisabati ya kutosha kumfikisha mwanafunzi kidato cha juu. Ujerumani huliangalia jambo hili kwa kuuliza kama ndani ya shahada ya mwombaji yanaweza kupatikana masomo mawili ya shule, na asiyetimiza huelekezwa asome zaidi. England zimekuwapo kozi za kujazia maarifa ya somo, za kuanzia wiki 8 hadi 28, zinazosomwa kabla ya mafunzo ya ualimu kuanza. Ukiambiwa uanze na hizo, usilione kuwa ni tusi. Ni nafuu kugundua mapengo yako kabla wanafunzi hawajayagundua.

Upofu wa anayejua

Mwaka 1981 Michelene Chi na wenzake waliwapa wabobezi wa fizikia na wanafunzi wapya rundo la maswali wayapange katika makundi. Wanafunzi waliyapanga kwa sura: haya yana mteremko, haya yana springi, haya yana kapi. Wabobezi waliyapanga kwa kanuni iliyomo ndani: haya ni uhifadhi wa nishati, haya ni sheria ya pili ya Newton. Walikuwa wanatazama karatasi zilezile na kuona vitu tofauti.

Mhandisi wetu ni yule anayeona kanuni. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo inayomponza ubaoni. Akitatua swali huruka hatua nne bila kujua kwamba ameruka, maana kwake hizo hatua zilishaungana kuwa kitu kimoja miaka mingi iliyopita. Mwanafunzi wa kidato cha pili anabaki upande wa pili wa shimo, anaandika asichokielewa, na mwalimu anashangaa mbona jambo jepesi hivi halishikiki.

Mitchell Nathan na Anthony Petrosino waliuita upofu wa mbobezi, na utafiti wao wa mwaka 2003 kwa walimu tarajali unastahili kusomwa na kila anayetoka kwenye taaluma ya hesabu. Chukua swali la maneno: nina maboksi 4 yenye kalamu sawa, nimeongezewa kalamu 6, jumla zimekuwa 30, kila boksi lina ngapi? Liweke pembeni ya mlinganyo 4x + 6 = 30. Lipi jepesi kwa anayeanza aljebra? Waliosoma hisabati zaidi walielekea kusema mlinganyo ni mwepesi. Wanafunzi wenyewe, walipopimwa katika tafiti za kundi hilo la watafiti, walifanya vizuri zaidi kwenye swali la maneno, kwa kuwa waliweza kurudi nyuma: ondoa 6, gawanya kwa 4. Alama ndizo zilizowashinda. Mwalimu asiyelijua hili ataanza na milinganyo wiki tatu, aiache hadithi mwishoni kama jambo gumu, na atakuwa ameupanga muhula mzima kinyume.

Lee Shulman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, alilipa jambo hili nafasi yake katika elimu ya ualimu mwaka 1986. Hoja yake ilikuwa kwamba kati ya kujua somo na kujua mbinu za jumla za kufundisha kuna aina ya tatu ya maarifa: kulijua somo kwa namna linavyofundishika. Ni mfano gani unaofungua mada hii, ni kosa gani litatokea, linatokana na nini, na ni swali gani litakalolifichua.

Mada ya umeme inaonyesha vizuri. Waulize wanafunzi: mkondo ukishapita kwenye balbu, unaorudi kwenye betri ni uleule au umepungua? Wengi watasema umepungua, kwa sababu balbu imeutumia. Hilo si jibu la mvivu. Betri huisha, balbu hutoa mwanga, kitu fulani lazima kiwe kimeliwa; mtoto amefikiri. Mbobezi asiye na mafunzo atasema mkondo hauliwi, ataandika kanuni, ataendelea. Watoto watainakili na kubaki na imani yao ileile. Mwalimu aliyefundwa atawaacha kwanza waandike utabiri wao, ataweka amita, yaani kipimo cha mkondo, kabla ya balbu na nyingine baada yake, wasome wenyewe kwamba namba ni moja, kisha ndipo atenganishe mkondo na nishati: kinachotoka kwenye saketi kwa njia ya mwanga na joto ni nishati. Dakika 20 zimetumika kwenye sentensi moja. Kwa mtu aliyezoea vikao vya kazini huo unaonekana ni upotevu wa muda. Kwangu hizo ndizo dakika zenye thamani kuliko zote katika kipindi.

Kuna upofu mwingine, nao hauhusu somo. Mwanasosholojia Dan Lortie alieleza mwaka 1975 kwamba mwanafunzi wa Marekani anapomaliza sekondari amekaa karibu saa 13,000 mbele ya walimu. Hakuna kazi nyingine ambayo mtu huitazama kwa muda mrefu hivyo kabla ya kuianza. Lakini ameitazama akiwa amekaa kwenye dawati: aliona mwalimu akizungumza, hakuona alichokiacha makusudi, wala sababu ya kumwita huyu na si yule. Anayeingia darasani bila mafunzo hufundisha kama alivyofundishwa. Na tukumbuke kwamba anayerudi kuwa mwalimu kwa kawaida alikuwa miongoni mwa waliofaulu. Njia iliyomfaa yeye ilikwisha kuwaacha nyuma wenzake wengi waliokuwa wameketi jirani naye.

Kinachofanyika katika mafunzo yenyewe

Nadharia ipo: saikolojia ya ujifunzaji, mitaala, upimaji, elimu jumuishi, sheria za ulinzi wa mtoto. Sitaipitia moja moja. Kila chuo kina mpangilio wake. Finland hutenga krediti 60 kwa masomo ya ualimu ndani ya uzamili wa mwalimu wa somo, sawa na mwaka mzima wa masomo. Ireland ilitoka kwenye mwaka mmoja ikaenda miwili mwaka 2014.

Uzito uko kwenye mazoezi ya kufundisha. England masharti ni angalau siku 120 shuleni, na katika shule zisizopungua mbili, ili mwanachuo asidhani kwamba utamaduni wa shule moja ndiyo ualimu wenyewe. Programu nyingine huweka wiki chache tu kwa mkupuo mmoja. Ukilinganisha kozi, anza na idadi hii kabla ya jina la chuo.

Idadi peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu anaweza kusimama mbele ya darasa mwaka mzima na kurudia kosa moja kila siku. Kinachobadilisha ni mzunguko: kuandaa andalio la somo, kufundisha huku mtu mzoefu akikutazama, kukaa naye, kuchagua jambo moja la kurekebisha, kurudi darasani. Stanford walianzisha mwaka 1963 mtindo wa kufundisha kwa kipande, ambapo mwanachuo hufundisha kwa dakika chache kikundi kidogo, huangalia alivyofanya, kisha hurudia. Vyuo vingi bado huutumia kabla ya kumpeleka mtu kwenye darasa kamili, na wanaotoka kwenye taaluma nyingine hunufaika nao sana, kwa sababu tabia walizokuja nazo huonekana mapema: kuongea haraka, kujijibu wenyewe, kumtazama yule anayetikisa kichwa na kuwasahau wa nyuma.

Kuhusu kujijibu, Mary Budd Rowe alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida haukuzidi sekunde moja. Waliponyamaza kwa sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya walianza kuchangia. Sekunde tatu za ukimya mbele ya vijana 40 ni ndefu mno kwa anayeanza. Hujifunzi kuzivumilia kwa kusoma tu. Lazima mtu awe nyuma ya darasa akuhesabie.

Nidhamu ndiyo hofu kubwa ya wanaobadili kazi, na mara nyingi wanakuja na wazo kwamba umri na cheo vitawasaidia. Wiki mbili za mwanzo, labda. Jacob Kounin alichapisha mwaka 1970 matokeo ya kulinganisha walimu wenye madarasa tulivu na wenye madarasa ya vurugu. Namna walivyokemea baada ya kosa haikuwatofautisha sana. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa: kuona kinachoendelea kila kona, kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja, kuhama kutoka shughuli moja hadi nyingine bila pengo. Hii ni habari njema, kwa kuwa ni mambo yanayofundishika. Meneja aliyezoea kuendesha mradi wenye watu wengi ana mtaji hapa, ilimradi akubali kwamba wanafunzi hawako chini yake kwa mkataba.

Kusoma kwanza au kufundisha huku ukisoma

Njia za kuingia ziko nyingi lakini swali la ndani ni moja: nani anakubeba wakati bado hujui kazi? Njia ya chuo hukubeba kwa kukupa muda, nawe unaulipia kwa ada na kwa mwaka usio na mshahara. Njia ya shule hukupa mshahara, nawe unalipa kwa kuingia darasani mapema.

Jimbo la New Jersey, Marekani, lilifungua njia hiyo ya pili kwa waliohitimu fani nyingine katikati ya miaka ya 1980, na shirika la Teach For America lilianza kupeleka wahitimu shuleni mwaka 1990 baada ya mafunzo ya wiki chache za kiangazi. Ujerumani, kwa uhaba wa walimu, ina milango miwili. Kuna wanaoingia kwenye kipindi rasmi cha maandalizi ya ualimu ingawa shahada yao si ya ualimu. Kipindi hicho kwa kawaida ni miezi 18 hadi 24 kulingana na jimbo, na mtu hufundisha vipindi vichache huku akihudhuria semina. Kuna pia wanaoajiriwa moja kwa moja na kusomea kazi wakiwa kazini. Kwa Kijerumani makundi haya mawili yana majina yanayokaribiana mno, na waombaji huyachanganya.

Mimi sipingi njia ya mshahara. Kwa mzazi mwenye majukumu huenda ndiyo pekee inayowezekana, na kuwaambia watu hao wasubiri ni kuwafungia mlango. Ninachopinga ni shule kuitumia kuziba pengo kwenye ratiba. Mwalimu tarajali aliyepewa vipindi sawa na mzoefu tangu wiki ya kwanza hana muda wa kuandaa, wala wa kutazamwa, wala wa kufikiri alipokosea. Anaokoa siku tu. Na wanaoumia si yeye peke yake. Kuna madarasa matano ya watoto ambao mwaka huo hautarudi kwao.

Masomo ya jioni na ya masafa yana faida ya wazi kwa walio kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewawezesha wengi kusoma bila kuacha ajira. Ila mazoezi ya kufundisha hayafanyiki kwa masafa. Itafika wiki ambazo ni lazima uwe shuleni asubuhi, siku tano mfululizo, na mwajiri wako wa sasa anahitaji kujua hilo kabla hujajiandikisha. Likizo ya mwaka mara nyingi haitoshi.

Kuanza upya ukiwa mtu mzima

Lucy Kellaway alikuwa mwandishi wa safu maarufu wa gazeti la Financial Times. Mwaka 2016, akikaribia miaka 60, alianzisha pamoja na Katie Waldegrave shirika la Now Teach, lenye lengo la kuwaleta watu wenye uzoefu mrefu katika ualimu, na yeye mwenyewe akaenda kusomea kazi hiyo London. Alianza na hisabati, baadaye akahamia masomo ya biashara na uchumi. Nauona uhamisho huo kuwa wa maana: hata mtu mwenye akili na dhamira huenda akagundua akiwa tayari shuleni kwamba somo alilolichagua silo analoliweza kulifundisha vizuri kuliko yote.

Wanaobadili kazi huja na kitu ambacho kijana wa miaka 22 hana. Wanajua hesabu hii inatumika wapi, ripoti mbovu inagharimu nini, kwa nini kipimo kinarudiwa mara tatu. Mwanafunzi akiuliza “hii itanisaidia nini?”, wana jibu la kweli. Lakini hadithi za kazini zinahitaji kiasi. Simulizi ya dakika 15 kuhusu mtambo uliolipuka itakumbukwa na darasa zima, na kanuni iliyokusudiwa isikumbukwe na yeyote.

Kigumu zaidi ni kushuka. Mtu aliyekuwa akiombwa ushauri anakaa mbele ya mwalimu mlezi aliye mdogo kwake kwa miaka 20, anaambiwa maandishi yake ubaoni hayasomeki na swali lake la tatu halikueleweka. Anayeweza kulisikia hilo, akaliandika na kesho akalirekebisha, atafika. Anayejitetea kila mara atachoka kabla ya muhula kuisha, nami sioni elimu yake ya awali ikimwokoa.

Kuhusu kipato, hesabu iwe ya miaka mitatu na si mmoja: muda wa mafunzo, muda wa kusubiri usajili na ajira, halafu mwaka wa kwanza ambao mara nyingi huanzia chini ya ngazi ya mshahara. Uliza kama mwajiri anahesabu uzoefu wa kazi nyingine. Uliza pia kuhusu ufadhili wa masomo yenye uhaba. Serikali kadhaa huelekeza fedha kwenye fizikia, hisabati, kemia na kompyuta, na mwenye shahada inayoruhusu masomo mawili anaweza kuchagua lenye msaada zaidi, mradi analiweza.

Baada ya cheti, mifumo inatofautiana sana kwa namna inavyompokea mwalimu mpya. Uskoti, mhitimu anayestahili huhakikishiwa nafasi ya mwaka mmoja shuleni akiwa na vipindi pungufu. England kipindi cha uangalizi kimekuwa miaka miwili tangu 2021, na ratiba hupunguzwa kwa asilimia 10 mwaka wa kwanza na asilimia 5 wa pili. Kwingineko mwalimu mpya hupewa mzigo kamili Jumatatu ya kwanza, pamoja na darasa la kulea na usimamizi wa michezo. Pale ambapo sheria haikulindi, muulize mkuu wa shule kabla ya kusaini: nitakuwa na vipindi vingapi kwa wiki, vya vidato gani, nani atakayekuja kunitazama nikifundisha, na saa ngapi kwenye ratiba yake imeandikwa kazi hiyo? Akikutajia jina na saa, una mahali pa kuanzia. Akisema walimu wote wa shule watakusaidia, endelea kutuma maombi shule nyingine.